Nikifumba macho kusali naganda, je imani yangu imekufa?

SWALI: Habari mtaalamu. Nilibakwa miaka miwili iliyopita na mtu niliyemwamini. Zamani sala ndo ilikuwa kimbilio langu, siku hizi nikipiga magoti na kufumba macho tu moyo unaenda mbio, naganda, pumzi inakata. Kiongozi wangu wa dini anasema ni kwa sababu sijasamehe, na niache kwenda kwa mshauri maana inaonyesha sina imani. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na asante kwa kuuliza. Si kweli. Hicho kinachokupata kinatoka mwilini, hakipimi imani yako hata kidogo.

Kwenye ubongo kuna sehemu inaitwa amigdala, kazi yake ni kushtuka mapema panapokuwa na hatari, na mtu akishabakwa mara nyingi hiyo sehemu inakuwa haitulii, inashtukia chochote kinachofanana na ile siku. Sasa angalia mkao wenyewe wa sala: uko chini, macho umefumba, kimya, hujui nani yuko nyuma yako, yaani mwili unaanza kujihami kabla hujatamka hata neno moja. Wengine inawapata wakiwekewa mikono kichwani kuombewa. Kwa hiyo badilisha mkao kwanza. Sali macho wazi, umekaa mgongo ukutani na mlango unauona, au sali ukitembea, kwa sauti, maneno machache tu, ukiona moyo unaanza mbio simama, kanyaga sakafu vizuri, taja vitu unavyoviona, kisha urudi ukitaka, usipotaka acha mpaka kesho. Na una haki ya kusema "naomba nisiguswe" hata kwenye ibada. Kama ibada yako ina mkao wa lazima, muulize mwenye elimu ya dini unayemwamini kuhusu nafuu anayopewa mtu asiyeweza.

Kuhusu imani yenyewe, Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ameichunguza miaka mingi, na kinachoonekana ni kwamba anayehisi Mungu yuko naye kwenye maumivu mara nyingi anahimili vizuri zaidi, ila anayeamini Mungu kamtupa au anamwadhibu huwa anateseka zaidi. Ndo maana ile kauli ya "huna imani" inanikera sana, inamsukuma mtu upande ule unaoumiza. Ukiwa na hasira na Mungu mwambie hivyo hivyo ilivyo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaisha gizani kabisa, na kwenye Qurani Maryamu akiwa kwenye uchungu wa kuzaa alisema laiti angekufa kabla ya hayo, na hakuna aliyesema hao hawana imani.

Mshauri usimwache, tafadhali. Kuna tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Patricia Resick, naye mwanasaikolojia wa Marekani, mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya wanawake waliobakwa, kawaida ni kama vikao 12, na kazi yake kubwa ni kushughulika na mawazo yaliyokwama, kama "ningekuwa mcha Mungu zaidi yasingenipata" au "niliganda kwa hiyo nilikubali". Kuganda si kukubali, mwili unafanya hivyo wenyewe ukizidiwa na hofu. Mwambie mshauri wako wazi kwamba dini ni muhimu kwako, aiingize kwenye tiba, maana hayo mawazo mengi yamefungamana na mambo ya Mungu na akiyakwepa mtakuwa mnazunguka tu.

Kusamehe hakuna tarehe, na si sharti la kupona. Hata ukija kusamehe, haimaanishi ufute kesi wala umruhusu huyo mtu akusogelee tena. Huyo kiongozi unaweza kumjibu kwa heshima tu, "niombee, ila matibabu naendelea nayo", akizidi kukubana tafuta mwingine anayejua kusikiliza, wapo. Na ikitokea mawazo ya kutaka kufa yanakuja usisubiri siku ya kikao, mwambie mtu unayemwamini usiku huohuo akupeleke hospitali.