Usitume hela ya baga kabla hujasikia nyama ikilia kwenye chuma

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo hela ya Jumamosi usiitume.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Unatafuta baga kali za kufungasha maeneo ya Sinza, umeuliza bei, umeuliza kuku au ng'ombe ipi bora, sawa. Halafu mwishoni unasema umeona picha Instagram, jibini inatiririka kama asali, na unataka kuagiza 15 kwa bodaboda mpaka Kimara kwa ajili ya besdei ya mkeo. Hapo kwenye bodaboda tumbo likanikoroga.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa anatimiza miaka 9. Mama watoto akasema apike pilau kama kawaida. Mimi na kiherehere changu nikasema hapana, watoto wa siku hizi wanataka baga. Kuna jamaa mtandaoni kazi yake kula na kurekodiwa, ana wafuasi wa kujaza Uwanja wa Mkapa, alikuwa ameandika kwamba kuna mgahawa mmoja ndio wenye baga namba moja Dar nzima. Nikamwamini! Mtu mzima na ndevu zangu, nikamwamini mtu anayefumba macho akitafuna. Baadaye ndiyo nikaambiwa huwa analishwa bure na kulipwa juu yake. Huyo hata umwekee soli ya kandambili katikati ya mkate, atafumba macho tu.

Baga 16, kila moja 12,000. Hapo 192,000. Boda 8,000. Laki mbili kamili imetoka kwenye simu saa nane mchana, nikabaki na ujumbe wa muamala na tabasamu.

Watoto wamekaa saa tisa. Boda kaingia Tabata saa kumi na nusu, kalowa chapachapa, mvua ilimkuta Ubungo. Nafungua boksi la kwanza, mkate chini umelowa kama umechovywa kwenye chai. Baga ya moto ukiifunga kwenye foili, halafu boksi, halafu mfuko, mvuke hauna pa kwenda. Unageuka maji, na maji yanaishia kwenye mkate. Saladi imenyauka, jibini imeganda kwenye karatasi. Nyama yenyewe ya kijivu, kavu, inaruka mdomoni kama raba. Mtoto wa jirani, miaka 6, akaniuliza kwa adabu zote: "Anko, hii si kababu?"

Mama mkwe alikuwepo. Hakusema neno. Akanyanyuka, akaingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana. Mpaka leo nikitamka "tuagize" ndani ya nyumba yangu, watu wanaanza kukohoa.

Usiku huo shemeji akahamia chooni. Siwezi kuapa kwamba ni baga, maana shemeji naye hachagui chakula, ila sikiliza nilichokikuta Jumatatu nilipokwenda kudai haki yangu. Nyuma ya kaunta kuna hotipoti, yale makubwa ya kwenye shughuli, limejaa nyama zilizokaangwa asubuhi, zimepangwa kama sahani. Mteja akija, dogo anachomoa moja, anaitia maikrowevu, anaibandika kwenye mkate, kazi imekwisha. Bamba la kukaangia limefunikwa gazeti! Nikamuuliza kuhusu zile picha. Akacheka: "Zile bosi alizitoa mtandaoni, braza."

Na hilo la hotipoti si la kuchekea. Kwenye steki bakteria wanakaa juu, moto ukipita umewamaliza. Nyama ya kusaga, mashine imeshawachanganya mpaka katikati, kwa hiyo lazima iive mpaka ndani, nyuzi 71 za Selsiasi. Mwaka 1993 kule Marekani baga zisizoiva ziliua watoto 4 na kuugua wakaugua watu zaidi ya 700. Sasa wewe chukua nyama ya asubuhi, iache vuguvugu mpaka mchana, bakteria wazaliane upya, halafu mlishe mama mkwe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nimeilipia laki mbili: usitoe hela mpaka masikio yako yasikie nyama mbichi ikigusa chuma. Lile tsssss. Nenda mwenyewe, simama mbele ya bamba. Ukikuta kimya, au ukasikia "ting" ya maikrowevu, geuka, sema umesahau pochi kwenye gari. Kama huna gari sema hivyo hivyo.

Siku hizi nakula kwa dogo mmoja karibu na kwangu, kibanda hakina hata jina, baga 5,000. Ana bamba kama la chapati, limepata moto mpaka hewa inacheza juu yake. Anatupia donge la nyama, analikandamiza mara moja na mwiko bapa, chumvi juu, kisha haligusi mpaka kingo ziwe kahawia. Anageuza mara moja tu. Buchani huwa anaomba wamsagie kilo nne za nyama na kilo moja ya mafuta ya nundu, maana hawa ng'ombe wetu wa mnada wa Pugu wana misuli kama makomandoo. Chumvi hachanganyi ndani, anasema inaigeuza nyama kuwa soseji. Nilibisha, nikajaribu nyumbani, nikala soseji. Na bamba likiwa vuguvugu nyama haikaangiki, inachemka kwenye maji yake. Ndiyo ile kijivu yangu ya laki mbili.

Wewe na watu wako 15, tafuta mwenye bamba, mlipe aje nalo nyumbani. Kilo mbili za nyama zinakupa madonge 16 ya gramu 120. Mkate chukua bekari asubuhi hiyo hiyo. Watu wasimame na sahani wakisubiri, wasikie wenyewe.

Na huyo aliyekujibu hapo juu "mkuu agiza tu, wako vizuri", muulize kama aliwahi kusimama mbele ya bamba lao. Muulize alisikia nini.