Kulishwa na Neno: majibu kwa maswali yenu

Natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku. Biblia niisome saa ngapi? (Mama wa watoto watatu)

Pole kwa safari hizo, dada. Katika Matendo sura ya 8 yupo towashi wa Ethiopia aliyekuwa akirejea kwao kutoka Yerusalemu. Alikaa garini akimsoma Isaya, tena kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Wokovu ulimkuta barabarani. Ukipata kiti kwenye daladala, soma. Ukisimama umeshika bomba, weka Biblia ya kusikiliza kwenye simu. Anza na Marko: ina sura 16 tu, na foleni ya Mtongani inatosha sura moja na kubaki.

Mchungaji wetu hutuma mstari mmoja kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp. Hautoshi? (Kijana, Kimara)

Hautoshi. Huo ni wa kuonja. Chukua Yeremia 29:11, unaosambazwa sana: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Panda aya moja tu juu yake, ya 10, utakuta walioambiwa hayo walikuwa mateka Babeli, na ahadi ingetimia baada ya miaka 70. Aya ya 5 inawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Anayeupokea mstari ule peke yake hutarajia ajira kabla ya Ijumaa, akiikosa imani inatetereka. Aliyesoma barua nzima ya Yeremia kwa mateka hao anajua kungoja. Inaniuma sana kuona vijana wetu wanapewa tumaini lililokatwa mizizi.

Tafsiri ipi ni nzuri? (Msomaji, Tabata)

Union Version ya 1952 kwa kukariri, Habari Njema pale sentensi inapokushinda. Kuwa nazo zote mbili.

Tangu tumzike mama nasoma lakini sihisi kitu. Je, Mungu ameniacha? (Kaka, Kigamboni)

Pole sana, ndugu yangu. Hajakuacha. Mgonjwa wa malaria uji huuona mchungu, na bado tunamnywesha kijiko kwa kijiko, kwa sababu nguvu inaingia hata kama ulimi hauna habari.

Nilipofiwa na baba, kwa miezi kadhaa nilifungua Zaburi na kuifunga. Iliyonishika mkono ni ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. Nilipoona Mungu ameacha sala ya namna hiyo ikae katika kitabu chake, nikaacha kujikaza mbele zake.

Tena, neno la Kiebrania ambalo Zaburi ya 1 inalitumia kwa kutafakari sheria ya Bwana mchana na usiku ndilo hilohilo la Isaya 38:14, mfalme Hezekia anaposema aliomboleza kama hua. Ni sauti ya chini inayotoka kifuani. Kwa hiyo huko kuguna kwako juu ya Biblia iliyofunguliwa tayari ni kutafakari.

Usijilazimishe sura tano. Aya mbili, uzirudie. Usiku wa leo soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Ukishindwa, mwombe mmoja wa jumuiya yenu aje akusomee, wewe kaa tu usikilize.