Jibu: Kihisi cha kwenye waya kinapata wapi umeme?

Ndugu, umeuliza kama kihisi cha hitilafu, kile kifaa kinachofungwa kwenye laini ya umeme ya kilovolti 11 ili kutambua hitilafu, kitakulazimu kupanda nguzo kila mara kubadilisha betri. Hapana. Kinaukumbatia waya kama bangili, na koili (waya uliozungushwa) iliyo ndani huvuna nishati kwenye usumaku wa mkondo unaopita. Shida ni laini za vijijini: usiku wa manane mkondo hushuka mno, mavuno hayatoshi, ndipo betri ndogo ya akiba inapokibeba. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji kinahitaji ampea ngapi ili kiamke. Akizungukazunguka, ondoka. Taarifa za hitilafu huenda kwa redio hadi kisanduku cha nguzoni, kisha kwa mtandao wa simu. Ila chenyewe kinaonyesha tu hitilafu ilikopita. Kukata umeme ni kazi ya brekaa, yaani swichi ya kinga ya laini.