Unaanza Wodini Jumatatu? Tafuta Saa Yenye Mshale wa Sekunde

Juzi mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza kaniandikia: "Dada, Jumatatu tunaingia wodini kwa mara ya kwanza. Nimesoma mpaka macho yanauma na usingizi siupati. Nisome nini tena?" Mdogo wangu, usisome tena. Funga daftari, tafuta saa yenye mshale wa sekunde. Ya kubandika kifuani ndiyo bora, maana ya mkononi hukusanya vijidudu na inakuzuia kunawa vizuri.

Wodi yangu ya kwanza ilikuwa ya wanawake, magonjwa ya ndani. Wanafunzi tulipewa kupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha. Kitanda cha dirishani alilala mama wa makamo, mpole, anajibu kwa kichwa tu. Kwenye chati yake upumuaji ulikuwa 20 asubuhi, 20 mchana, 20 usiku. Nikapekua chati za wenzake: wodi nzima 20!

Nilimaliza kuhesabu mapigo, nikaendelea kumshika mkono kana kwamba bado nahesabu. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, hubadilika bila kukusudia. Nikatazama kifua kikipanda na kushuka dakika nzima. 32. Nikarudia, 32 tena. Tundu za pua zinatanuka, misuli ya shingo inavuta, na nilipomwuliza jina alikata pumzi katikati. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Nikamfuata muuguzi wa zamu. Mbele ya wagonjwa na wenzangu akanijibu, "Umekuja juzi tu, leo unataka kutufundisha kazi?" Nilinyamaza, lakini namba sikuifuta. Nikamtafuta mkufunzi wetu, naye akamwita daktari. Ilikuwa nimonia, mapafu yote mawili. Mama aliwekewa oksijeni na kuanzishiwa antibayotiki za mshipa mchana uleule, na baadaye alirudi kwao kwa miguu yake mwenyewe. Yule muuguzi hakunisemesha tena mpaka tunaondoka. Miaka imepita na bado linaniuma. Lakini ile 32 naionea fahari kuliko cheti changu.

Kwa hiyo wikiendi hii pima watu wa nyumbani kwako. Hesabu pumzi zao dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne. Kwenye presha, mtu apumzike kwanza dakika 5, aegemee, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene utakupa presha ya juu kuliko iliyopo, na mtu ataanzishiwa dawa asizozihitaji.

Mikono nayo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kunawa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, au kupaka dawa yenye alkoholi sekunde 20 hadi 30. Utaona wanaovaa glavu na kuzunguka nazo kitanda hadi kitanda. Usiwaige. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, iingie moja kwa moja kwenye sanduku lake, na sanduku likifika robo tatu lifungwe. Dawa usimpe mgonjwa bila msimamizi kuwa pembeni yako, hata ukiambiwa "mpe tu huyo". Viatu vya kufunika, kunywa chai kabla ya zamu, hayo mkufunzi atakuambia.

Ninalokusihi kwa moyo wangu wote: usiandike namba ambayo hukuipima. Hata wodi ikiwa na wagonjwa wengi. Hata wote wakifanya hivyo. Hukupima, acha nafasi wazi useme sikupima. Namba ya kubuni inamdanganya daktari, na anayelipa ni mgonjwa asiyejua kilichoandikwa juu yake.

Ukiona jambo haliko sawa, toa taarifa kwa mpangilio: mgonjwa ni nani, kalazwa kwa nini, umeona nini, unaomba nini. "Mzee wa kitanda cha tatu, wa kisukari, anatoka jasho na maneno yake hayaeleweki. Naomba uje umpime sukari sasa hivi." Ukipuuzwa, nenda kwa kiongozi wa wodi. Ukipuuzwa tena, nenda kwa mkufunzi. Kisha andika saa uliyotoa taarifa na uliyempa.