Ukipewa mlezi kwenye fraterniti, mpelekee kazi

Kila inapokaribia Agosti napata ujumbe kutoka kwa vijana wa nyumbani waliopata vyuo Marekani. Tukishamalizana na viza na makoti ya baridi, linakuja swali la fraterniti: kaka, nijiunge au niachane nazo? Wengi wameshasoma kwamba mwanachama anapata mafunzo ya uongozi na mtu mzima wa kumlea. Nilipita humo, kwa hiyo nawajibu hivi: mlezi mzuri unaweza kumpata kweli, lakini kama huna kazi mkononi ndani ya chama, mtaishia kunywa kahawa tu.

Kwa asiyevijua, hivi ni vyama vya wanafunzi wa kiume vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, kila kimoja kikiwa na matawi kwenye vyuo vingi. Vile vya zamani kwa miongo mingi viliwafungia watu weusi milango, nao wakaanzisha vyao: Alpha Phi Alpha pale Cornell mwaka 1906, Kappa Alpha Psi chuoni Indiana mwaka 1911, na Omega Psi Phi pale Howard mwaka huohuo. Martin Luther King alikuwa Alpha. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa Phi Beta Sigma, chama kingine cha weusi, kwa hiyo Mwafrika humo si kioja.

Programu za uongozi nazo si jambo la jana. Sigma Alpha Epsilon wana shule yao ya uongozi tangu 1935. Sigma Phi Epsilon, kuanzia miaka ya 1990, waliachana na kile kipindi cha majaribio ambacho mwanachama mpya alikuwa hana haki yoyote, wakaweka safari ya hatua kwa hatua hadi unapohitimu, na ndani yake kuna kaka mlezi. Sigma Alpha Epsilon nao wakakifuta kipindi hicho mwaka 2014, baada ya vijana kadhaa kufa katika mambo ya kuwapokea wanachama wapya. Kumbuka hilo unaposoma vipeperushi vyao: uongozi unaosifiwa humo, kwa sehemu, umekuja kuziba pengo la unyanyasaji.

Tawi letu lilikuwa na programu ya kawaida. Wikiendi ya semina, dodoso la kujijua tabia, karatasi ya malengo ya miaka mitano, kisha unaunganishwa na mhitimu wa zamani. Wangu alikuwa mhasibu wa kiwanda, mtu wa makamo. Mara ya kwanza tulikutana mgahawani, akaniuliza malengo yangu, nikamsomea yale ya kwenye karatasi. Yeye mstaarabu, mimi mstaarabu, na mazungumzo yakatuishia kabla ya vikombe.

Mambo yalibadilika nilipochaguliwa mweka hazina. Ada za wanachama zilikuwa zinachelewa, huku ankara ya bima na ya makao makuu zikija kwa tarehe zake, tumelipana au hatujalipana. Nikamtumia bajeti yote. Tulipokaa, hakuniuliza tena habari za malengo. Aliuliza: "Hapa, ni fedha ipi lazima itoke hata kama hakuna atakayelipa?" Akataka nipake rangi mistari hiyo. Bima, makao makuu, pango la nyumba. Sherehe, ambayo wenzangu walikuwa wameipa fungu nono kuliko vyote, ikabaki nyeupe chini kabisa. Ile karatasi ya rangi ndiyo niliyoingia nayo kikaoni, na nilieleweka nayo kuliko ambavyo ningeeleweka kwa hotuba.

Halafu akanifundisha kudai. Sisi tuliokulia kwenye kuoneana haya hapa tuna shida, maana kumdai mtu unayekula naye meza moja ni kama kumtukana. Ushauri wake: usimtaje kikaoni, mfuate chumbani akiwa peke yake, nenda na karatasi ambayo imeshagawa deni kwa tarehe anazolipwa mshahara wake, msaini wote wawili. Aliyekuwa hajibu meseji alianza kulipa kidogokidogo. Mpaka leo kazini nadai hivyohivyo.

Kuna jambo dogo la kwetu linalowaponza wengi. Baruapepe zetu huanza na salamu ndefu, habari za familia, samahani kwa usumbufu, na swali lenyewe linakuja mwishoni kwa kunong'ona. Mmarekani mwenye haraka anaifunga akidhani umemsalimia tu. Weka swali mstari wa kwanza, ambatisha faili, pendekeza nyakati mbili za kuonana. Salamu mpe mkikutana. Na akikwambia umwite kwa jina lake la kwanza, mwite, hata kama ni rika la baba yako na ulimi unakuwa mzito.

Ukiruhusiwa kuchagua mlezi, usikimbilie yule mkubwa ambaye picha yake imetundikwa ukumbini. Huyo utampata mara moja kwa mwaka, wakati wa chakula cha jioni. Chukua aliyehitimu miaka michache iliyopita na bado anakumbuka namna ya kuomba kazi ya kwanza.

Kabla ya kusaini chochote, omba kuona ada zote kwa maandishi, pamoja na faini. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo vichapishe ripoti ya vyama vilivyokutwa na makosa ya kunyanyasa wanachama. Itafute ya chuo chako, uisome. Ukiambiwa "hayo utayajua ukishaingia", ondoka. Na mambo ya kunyanyasa njuka yakianza usiku wa manane, ondoka usiku huohuo.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, angalieni pia hili: matawi mengine humpunguzia kiongozi kodi ya chumba kama shukrani. Kabla hujaipokea, iulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama hiyo inahesabika kuwa malipo ya kazi.

Barua ya mapendekezo iombe mapema, miezi kadhaa kabla hujaihitaji, na umtumie mlezi orodha ya kazi alizokuona ukizifanya kwa macho yake. Wangu aliandika habari za ile bajeti ya rangi, na kwenye usaili wa kwanza ndiyo waliyoniuliza.