Maswali na Majibu: Mlango wa Pili Uko Wapi?

Wiki hii nimechagua maswali sita yanayohusu usalama wa misikiti, makanisa na sehemu za mikusanyiko katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara.

*Kanisa letu limechangisha fedha za kununua kamera. Je, kamera nne zinatosha? (Mzee wa kanisa, Masasi)*

Zinatosha kurekodi, ila hazimfungulii mtu mlango. Kabla ya kununua hata moja, simameni ndani ya kanisa siku ambayo watu wamejaa, mkahesabu ni milango mingapi inayoweza kufunguka bila kumtafuta mwenye ufunguo. Nilihudhuria ibada ya mazishi mahali fulani huku kusini ambapo milango miwili ya pembeni ilikuwa haitumiki tangu spika zilipoibwa: mmoja ulizibwa kwa mabenchi mabovu, na wa pili ulikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao mzee aliyesafiri. Umati mzima ulitegemea mlango mmoja wa mbele, yaani ule ule ambao mshambuliaji angeingilia. Katika msikiti wa Al Noor mjini Christchurch, New Zealand, siku ya tarehe 15 Machi 2019 ambapo watu 51 waliuawa katika misikiti miwili, wapo waumini walioukimbilia mlango wa pembeni ukakataa kufunguka, hadi kioo chake cha chini kilipovunjwa kwa mateke. Wekeni makomeo yanayofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, ondoeni mabenchi, kisha mteue mhudumu wa kila mlango ambaye hatakaa mbali nao ibada ikiendelea. Fedha zikibaki, nunueni taa za nje, na kamera zifuate baadaye.

*Mwanamke aliyevaa nikabu, au kijana mgeni mwenye ndevu na begi, tumzuie mlangoni? (Lindi mjini)*

Hapana. Huandikiwa swali hili mara kwa mara kwa sura mbalimbali, na kila mara muulizaji huyaeleza mavazi kwa kirefu bila kutaja tendo hata moja. Wa kuangaliwa ni yule anayezunguka jengo akipiga picha milango, anayedadisi zamu za walinzi, au anayeacha mzigo na kuondoka. Mgeni asalimiwe, aulizwe atokako na aonyeshwe pa kukaa. Mwenye nia njema atafurahi kwa kukaribishwa, na mwenye nia mbaya atajua kwamba ameshaonekana.

*Nina kibanda umiza. Siku za fainali watu hujaa hadi nje. Je, kuna hatari? (Mikindani)*

Ipo. Tarehe 11 Julai 2010 mjini Kampala, mabomu yaliwaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, baadhi yao katika mgahawa na wengine katika uwanja wa raga. Hata hivyo, kibanda chenye kuta za makuti na waya za umeme zilizoungwa kiholela hakihitaji gaidi ili kiue watu, kwa hiyo toboa njia ya pili ya kutokea kwa ajili ya moto kwanza. Usiingize watu kupita kiasi kwa tamaa ya kiingilio, na usikubali kumwekea begi mtu usiyemjua.

*Nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp ikisema kanisa fulani litashambuliwa Jumapili. Niwatumie wenzangu? (Nanyamba)*

Usimtumie yeyote: piga 112, au ipeleke simu yenyewe kituo cha polisi ikiwa na ujumbe huo bila kuufuta.

*Je, mashambulizi haya si vita ya dini moja dhidi ya nyingine? (Tandahimba)*

Ninyi mlio jirani na mto Ruvuma mna sababu zaidi ya kulijua jibu. Kundi lililoshambulia mji wa Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji, tarehe 5 Oktoba 2017, ambalo wenyeji huliita Al-Shabaab ingawa silo lile la Somalia, lilianza kwa kugombana na Waislamu wenzao. Vijana wake waliingia misikitini na viatu, wakajitenga na kuanzisha misikiti yao, wakawapinga waziwazi mashehe waliowalea. Mashehe hao waliwaonya wakuu wa serikali huko Msumbiji kabla ya shambulio hilo la kwanza. Tangu hapo wameuawa Waislamu na Wakristo pia, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakaua watu katika kijiji chetu cha Kitaya. Huko Sinai, nchini Misri, zaidi ya waumini 300 waliuawa Novemba 2017 wakiwa katika swala ya Ijumaa.

Nitaongeza jambo ambalo hukuliuliza. Wa kwanza kuona dalili za kijana anayevutwa na kundi kama hilo huwa ni mama, ambaye mwanawe ameacha kusali na jamaa zake, ana fedha asizoweza kuzieleza, na anaaga kwenda ng'ambo kwa kazi isiyo na jina. Mama huyo akienda kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa polisi kata na akageuzwa mtuhumiwa mbele ya majirani, msitegemee kwamba mama mwingine atakuja. Nimechoka kusikia mikutano ya ulinzi shirikishi ikiwahimiza wananchi kutoa taarifa huku ikinyamaza kuhusu namna watoa taarifa wanavyopokewa.

*Swala yetu ya Idi huwa uwanjani, hapana milango wala ukuta. Tufanyeje? (Kilwa Masoko)*

Olasiti, Arusha, tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa kwa waumini waliokusanyika nje ya kanisa jipya siku ya kulizindua, na watu watatu wakafa. Kwa hiyo ulinzi wa uwanjani uanzie mbali na safu za waumini. Magari na bodaboda ziegeshwe upande mmoja, umbali wa kutosha, na wachuuzi wasizibe njia za kutokea. Wekeni vijana wenu wanaojulikana kwa sura, wake kwa waume, katika kila njia ya kuingilia, wakiwa na namba za polisi mikononi. Mzigo usio na mwenyewe usiguswe wala kusogezwa, bali watu waondolewe kwanza na simu ipigwe kutoka mbali. Kamba ya kuzuia magari ifungwe usiku wa kuamkia sikukuu, kwa sababu asubuhi, watu wakishaanza kufika, hamtamwondoa mwenye gari aliyekwisha kuegesha.