Mzuka wa kukimbia kwenye baridi naupata wapi? Nawajibu kwa ukweli

Tangu niweke ile picha nimesimama kwenye theluji na raba zangu za mazoezi, swali limekuwa hilo hilo, unawezaje kujiandaa na marathoni kwenye baridi ya huko, mzuka unautoa wapi, na mwingine kaniambia si bora ukae ndani na hita yako. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa ndugu zangu. Mzuka sina. Alam ikilia asubuhi nje bado giza totoro, kioo cha dirisha kimeganda, saa hiyo hakuna kitu mwilini mwangu kinachotaka kwenda kukimbia kilomita 20. Mzuka unakuja nikishatoka, kama dakika ya kumi au kumi na tano hivi damu ikishachemka, ndo maana nimeacha kuusubiria ndani.

Halafu watu wakisikia winta wanawaza baridi tu. Baridi unaizoea, kinachovunja moyo ni giza. Chukua London, mwezi wa 12 jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na kabla hata ya saa kumi jioni limeshazama, kwa hiyo mtu wa kazi za mchana unaingia kazini giza unatoka giza, jua unaliona dirishani tu wiki nzima. Sasa ongeza kwamba unaishi peke yako na wako wote wapo mbali. Unalala sana na bado unaamka umechoka, simu za nyumbani unaanza kuzikwepa maana huna cha kusema, ukipokea unasema huku kwema basi. Wengi wetu tunapitia hiyo hali na hatuisemi. Mimi naisema, kwasababu kukimbia kwangu ni kwa ajili ya hiyo kwanza, marathoni inafuata.

Na winta huwezi kuikwepa ukitaka zile mbio zenyewe. London na Boston zinakimbiwa mwezi wa 4, maandalizi ya kilomita 42 ni wiki 16 mpaka 20, piga hesabu utaona unaanzia mwezi wa 12, yaani siku fupi kuliko zote ndo unatakiwa uanze kuongeza kilomita.

Kinachonitoa ndani ni mtu. Kuna mwenzangu tunakutana kwenye kona ya barabara wikendi kwa ile mbio ndefu, na nikijua kashafika, kasimama pale anarukaruka ili miguu isigande, siwezi kumwacha kwenye hasi tano eti kwasababu blanketi limeninogea. Kwahiyo ukifika huku tafuta wakimbiaji wenzio hata kama wewe ni wa polepole kabisa, vikundi vipo na wengi hawana makuu. Mkikimbia taratibu masaa mawili mnaongea kila kitu, kazi, makaratasi, ndoa, wazazi wanavyozeeka ukiwa mbali. Mimi marafiki zangu wa kweli huku nimewapata barabarani, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niendelee.

Mengine ni maandalizi ya jana yake jioni. Nguo zote nazipanga, soksi na glavu naziweka karibu na hita zilale na joto, asubuhi nisiwe na cha kutafuta wala kuwaza. Usivae pamba ndani, inanyonya jasho na kukaa nalo, ukipunguza mwendo tu unatetemeka. Vaa kama vile nje kuna joto nyuzi 10 zaidi ya ilivyo, mwanzoni utasikia baridi, ndo inavyotakiwa. Na chupa ya maji kwenye baridi kali inaanza kuganda mdomoni, unaipindua kichwa chini, ukiifungua maji yanatoka. Mapafu hayagandi, mama zangu msiwe na wasiwasi, hewa inapata joto njiani kabla haijafika ndani, koo likiwasha funika mdomo na kitambaa.

Ninachokiogopa kwa dhati ni ile barafu nyembamba isiyoonekana. Theluji mpya mguu unashika vizuri, ila hiyo nyingine lami inaonekana imelowa tu kumbe ni kioo, na nyonga ikivunjika huku hakuna shangazi wa kuja kukuuguza. Siku hiyo sitoki kabisa, naenda kwenye mashine jim, na kama jim nayo siiwezi napumzika na dhamiri hainisuti. Saa ya mkononi nayo winta siifuati, napima kwa pumzi.

Jambo la mwisho, vitamini D. Uingereza idara ya afya inashauri watu wafikirie kunywa mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Na ukiona giza limekuingia kichwani wiki hadi wiki na kukimbia hakusaidii, nenda kwa daktari usione aibu.

Yule mdogo wangu anayekuja mwezi wa 9 na ameshaanza kuulizia kujiandikisha, winta yako ya kwanza usijifunge na marathoni ya mwezi wa 4, bado utakuwa unajifunza kulala na kuamka kwenye giza. Chukua kilomita 21, au lenga Berlin ya mwezi wa 9 au Chicago ya mwezi wa 10 mwaka unaofuata, maandalizi yake yanaangukia kwenye joto na jua linakaa mpaka usiku. Ukifika nipigie, wikendi yako ya kwanza tutakimbia wote, taratibu.